Fedha za Misitu na Umri wa Mti

Ndugu mwenyekiti, wanakamati wa maliasili mliotoka vijijini, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie ruzuku za kuhifadhi misitu inayostahimili mabadiliko ya tabianchi. Nitabaki katika Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa nchini Tanzania, kwa kuwa huko suala la nani alipe, na alipe kwa muda gani, limekwisha kujaribiwa.

Unyevu wa Bahari ya Hindi umeinywesha milima hii tangu kale, hata zama ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, misitu ya milima hii haikutoweka. Humo wamesalia viumbe wasiopatikana kwingineko, kama mangabe wa Sanje, aina ya kima, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu na ambaye yuko Udzungwa peke yake. Joto likizidi, viumbe wa milimani hulazimika kupanda juu, na watapanda iwapo tu msitu haujakatika njiani. Katika msitu wa Mwanihana, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, miti imeshikana kutoka mita zipatazo 300 hadi zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtoa ruzuku na aanze kwa kuuliza kama msitu umeungana, ndipo aulize idadi ya hekta.

Kuunganisha misitu kuna gharama, na anayeibeba kwanza ni mkulima. Katika ushoroba wa Derema, yaani ukanda wa kuunganisha misitu, huko Usambara Mashariki, ilibidi wakulima wa iliki walipwe fidia ili waache mashamba waliyoyatunza chini ya miti. Andiko la mradi lisilotenga fedha za fidia linamwomba maskini auchangie msitu kwa chakula cha watoto wake, na mimi siwezi kuliunga mkono.

Jambo linaloniumiza zaidi ni muda. Katika kijiji kimoja chini ya milima ya Uluguru niliikuta miche ya mikangazi, miti ya mbao ya asili, imepangwa kivulini, ikiwa imefika kiunoni, na mizizi imepenya vitobo vya viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, na kushika ardhi ya kitalu. Fedha za kuisafirisha na kuipanda zilifika masika yamekwisha. Mama aliyeimwagilia alijaribu kuuinua mche mmoja mbele yangu, mzizi ukakatika.

Kwa hiyo nauthamini utaratibu wa Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, ulioanzishwa mwaka 2001 na kupewa mtaji wa dola milioni 7 kutoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Benki ya Dunia. Mtaji huwekezwa, na faida yake ndiyo inayogharamia miradi. Ni kweli kwamba masoko yakianguka faida hupungua, na mwaka kama huo vijiji hupata kidogo. Hata hivyo, kidogo kinachorudi kila mwaka humwezesha mlinzi wa msitu kuendelea na doria, jambo ambalo fungu kubwa la miaka mitatu haliwezi baada ya kumalizika.

Kwa wafadhili mliopo, ombi langu ni kwamba kalenda ya malipo ifuate mvua. Fedha za kitalu zifike kijijini Septemba, na za kupandia ziwe zimekwisha kuingia katika akaunti ya kijiji kabla ya mwezi Machi.