Mwenyekiti Asiseme Kwanza

Ndugu zangu wakuu wa idara, wasimamizi wa maghala, wahasibu na makatibu, assalaam aleykum. Bwana asifiwe. Poleni na safari, najua wengine mmetoka Newala na Tandahimba alfajiri ili muwahi kufika hapa Mtwara mjini.

Nimeombwa nizungumzie uendeshaji wa vikao kazini. Mengi mnayajua: taarifa itoke mapema, akidi itimie, saa ziheshimiwe. Hayo sitayarudia. Nataka tukae na jambo moja ambalo naliona linaharibu vikao vyetu kuliko hata uchelewaji, nalo ni mwenyekiti kutoa maoni yake kabla ya wajumbe.

Chukueni kikao cha ghalani mwezi wa Oktoba. Msimu wa korosho umefunguliwa, malori ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, yako foleni getini. Ajenda ni upungufu wa uzito: kilo zilizopimwa kwenye chama cha msingi hazilingani na zilizopo ghala kuu wiki chache baadaye. Meneja, ambaye ndiye mwenyekiti, anafungua: “Mimi naona hapa tatizo ni makuli, magunia yanachezewa. Mnasemaje?”

Hapo kikao kimekwisha. Mhasibu ataunga mkono, mkuu wa ulinzi ataunga mkono. Karani wa mizani, binti aliyeajiriwa msimu huu huu, amekaa karibu na mlango na daftari lake mapajani. Anajua kwamba mzigo wa wiki ile ulipokelewa haujaanikwa ukakauka, na korosho yenye unyevu ikikaa kwenye gunia lazima ipungue uzito. Huo ndio unyaufu, hakuna mtu wa ghala asiyeujua. Lakini binti huyu amelelewa kama tulivyolelewa wengi wetu huku Kusini: mkubwa akishanena, mdogo hampingi mbele za watu. Ni adabu njema na sitaki aiache. Ninachotaka ni mwenyekiti asimweke mahali ambapo lazima achague kati ya adabu na ukweli.

Kwa hiyo mwenyekiti aeleze tatizo kwa takwimu tu, akomee hapo, kisha aanze na mtu aliye karibu zaidi na kazi yenyewe, ambaye mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote. “Wewe ndiye unayepokea mzigo kila siku. Umeona nini?” Halafu anyamaze. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu ukimya wa nusu dakika ukiwa umekalia kiti cha mbele unakuwa mrefu mno, na mkono unawasha kuujaza. Usiujaze. Na mkubwa akimkatiza yule binti, ni wajibu wa mwenyekiti kumzuia kwa heshima: “Mzee wangu, nafasi yako ipo, tumwache amalize.” Ukilisema hilo katika vikao viwili vitatu, wajumbe wataushika utaratibu wenyewe.

Wapo wanaosema huko ni kujishusha. Siafiki hata kidogo. Agizo la Rais Namba 1 la mwaka 1970 lilileta mabaraza ya wafanyakazi ili mfanyakazi awe na sauti katika uendeshaji wa mahali pake pa kazi. Zaidi ya miaka 50 imepita. Mabaraza tunayo, posho za vikao tunazibishania kila bajeti, lakini sauti ile bado katika ofisi nyingi haijafika mezani, na mimi hilo linaniuma. Kusema mwisho hakumpunguzii mwenyekiti madaraka. Bado ndiye anayefunga hoja, ila anaifunga akiwa amesikia.

Niguse ajenda ya mengineyo. Saa nane mchana, watu wana njaa, ndipo mwenye la moyoni ananyoosha mkono na kulitoa lote, na linajadiliwa kwa hasira kwa sababu hakuna aliyejiandaa. Ulizeni mapema, wakati wa kuthibitisha ajenda: nani ana mengineyo, na ni lipi? Likiwa zito, lipewe ajenda yake au kikao chake. Likiwa tangazo, lisubiri. Lisilotajwa asubuhi lisijadiliwe mchana, isipokuwa ni dharura ya kweli.

La mwisho ni maazimio. Tunaandika: “Wajumbe waliagiza suala lifuatiliwe.” Na nani? Mpaka lini? Kikao kijacho linarudi kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, vilevile lilivyokuwa. Kabla ya kuhama ajenda, mwambie katibu asome azimio kwa sauti: msimamizi wa ghala na karani wa mizani wapime unyevu wa kila lori kabla ya kupokea, kuanzia Jumatatu, na taarifa imfikie meneja Ijumaa. Mtu akisikia cheo chake kimetajwa, hapo hapo atasema kama kipima unyevu kimeharibika. Bora mbishane juu ya kifaa hicho mkiwa bado mezani kuliko kugundua mwezi mmoja baadaye kwamba hakuna aliyepima chochote.

Mliombwa mje na muhtasari wa kikao chenu cha mwisho. Utoeni. Fungueni yatokanayo, na kila penye “lifuatiliwe” andikeni pembeni cheo cha mhusika na tarehe. Nawapa dakika 20. Tukirudi tutaanza na meza ya nyuma, kwa wasaidizi wa kumbukumbu, na mameneja nawaomba msubiri zamu yenu.