Nanga Ina Visanduku Viwili

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mliokuja na kalamu zenu, habari za asubuhi.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule ya ufukweni, na nilitaka wanafunzi wangu wafuatane nami katika Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1929 ya riwaya ya Robert Louis Stevenson. Nikaandika ubaoni maneno 30: nanga, tanga, mlingoti, dira, nahodha, usukani, na mengine, kila moja na maana yake kama ilivyo kwenye kamusi. Wakanakili. Ijumaa nikawapa jaribio. Kijana mmoja, baba yake mvuvi wa dagaa, aliandika kwamba nanga ni kifaa kizito cha kuzuia chombo. Nikampa alama zote. Kesho yake nikamkuta ufukweni anafunga kamba kwenye jiwe. Nikamuuliza, hilo ni la nini? Akanijibu, "La kuzuia mtumbwi usiende na maji, mwalimu." Nikamuuliza linaitwaje. "Jiwe."

Neno lilikuwa daftarini mwake, kitu kilikuwa mkononi mwake, na mimi mwalimu sikuwa nimevikutanisha. Siku ile niliumia, na ndipo nilipoanza kutunga mafumbo ya maneno.

Riwaya yenyewe ilizaliwa mchezoni. Mwaka 1881, huko Braemar, Uskoti, Stevenson alikuwa akichora pamoja na mtoto wa mkewe, Lloyd, na katika kuchora ikatoka ramani ya kisiwa. Ramani ikaleta watu, watu wakaleta hadithi. Ikatoka kwanza kidogo kidogo katika gazeti la vijana, kisha ikawa kitabu mwaka 1883. Kwa hiyo tukiwapa watoto mchezo juu ya kitabu hiki hatukishushi hadhi hata kidogo.

Sasa jedwali. Fumbo la visanduku tulilozoea magazetini lilitungwa na Arthur Wynne, likachapishwa New York Desemba 1913, na lilitungwa kwa lugha yake: herufi moja, kisanduku kimoja. Nilipolihamisha hivyo hivyo kwenye Kiswahili lilinisumbua. Tazameni: nanga, tanga, ramani, hazina. Yote yana A. Mtoto akipata A pale maneno yanapokatana, amepata nini? Hajasaidiwa. Na "dha" ya nahodha tuigawe visanduku vingapi?

Basi weka silabi. Nanga ina visanduku viwili: na, nga. Hazina vitatu. Mwisho wa hazina ni "na", hapo hapo nanga inateremka, na ikifika chini kwenye "nga" inakutana na mwisho wa tanga. Mtoto akishapata "nga", kweli ana kitu mkononi. Mlingoti ni visanduku vinne, kwa kuwa ile M ya mwanzo ni silabi kamili, na hili huwashangaza hata walimu. Halafu kwetu huku, ambako la na ra hubadilishana ndimini, mimi huijaza dira mwenyewe kabla ya kugawa karatasi, ili ramani ianzie kwenye ile "ra". Aliyezoea kusema "lamani" anasimama hapo, anatazama kisanduku, anajisahihisha bila mimi kufungua mdomo.

Watoto wetu hawaoni ugeni kucheza na silabi. Kinyume ni mchezo wa Waswahili wa tangu zamani: silabi ya mwisho unaileta mbele. Tanga inakuwa ngata, ile kata ya kichwani ya kubebea ndoo! Darasa zima lililipuka siku tulipoigundua, na sidhani kama yupo aliyesahau tanga baada ya hapo.

Lakini jedwali lina kazi ndogo kuliko vidokezo, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize sana. Usitunge vidokezo peke yako. Waachie wao, kwa njia wanayoijua: kitendawili, tega. Mlingoti, msichana mmoja alitega hivi: "Shuleni nabeba bendera, ziwani nabeba tanga." Kamusi yangu haikunipa hicho. Na yule kijana wa jiwe? Alikaa muda mrefu akiguguna kalamu, kisha akaandika: "Nikilala chini ya maji, baba naye hulala juu." Nilisoma mara mbili. Baba yake anapumzika mtumbwini usiku, taa zinawaka, dagaa wanakusanyika, na chini kabisa nanga imelala.

Jambo lingine ni vitenzi, maana nomino haisafiri peke yake. Nanga hutiwa na hung'olewa. Tanga hutwekwa na hutuliwa. Kasia hupigwa, usukani hushikwa. Nawapa orodha mbili zilizovurugwa, wanazioanisha. Mwanafunzi anayeandika "walitoa nanga wakaenda" ataeleweka, ila anayeandika "waling'oa nanga" amepanda chomboni.

Na fumbo ligawiwe lini? Mimi husoma kwa sauti, nakala huwa ni moja, hadi pale Jim, yule kijana wa hadithi, yumo ndani ya pipa la matofaa, anasikia maharamia wakipanga uasi. Hapo nafunga kitabu. Wananguruma! Nawaambia, jazeni kwanza, ndipo tujue kama atatoka salama. Wanajaza kwa haraka ambayo sijaiona kwenye jaribio lolote.

Karatasi zinapita sasa hivi. Neno lenu ni usukani, visanduku vinne, na ile "ka" ya tatu inakatana na kasuku wa yule haramia wa kitabuni mwenye mguu mmoja na gongo la kutembelea. Sitaki maana ya kamusi. Mama uliyekaa karibu na dirisha, samaki wako wa kuuza wasubiri kidogo, utuanzie wewe. Kitendawili?