Faili Liko Dar, Mgonjwa Yuko Raskazone

Mhadhara kwa wastaafu, familia zao na wenye nyumba za kulala wageni, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Walio rika langu, habari za asubuhi.

Mji wetu unaitwa wa waja leo waondoka leo. Wapo kweli wa namna hiyo: wanakuja wiki ya Idd au Desemba, wanaoga bahari, wanakula pweza, wanarudi Dar. Ila wapo waja wasioondoka. Mtu kamaliza utumishi Mwanza au Dodoma, kachukua kiinua mgongo chake, kajenga Sahare au Mwambani au kule Pangani, anataka upepo na utulivu. Makundi haya hayafanani umri wala mfuko, lakini yakifika dirisha la mapokezi yana shida moja. Maradhi yamekuja nayo Tanga, habari za maradhi zimebaki huko yalikotoka.

Nitaanza na hilo, kwa sababu ndilo mnaloweza kulimaliza leo jioni bila kusubiri serikali.

Chukueni picha hii. Saa nane usiku, hospitali ya Bombo, mzee wa miaka 68 kaletwa amelegea. Daktari wa zamu anauliza anatumia dawa gani. Mwanawe anajibu: "Ana kidonge cheupe cha presha na kingine kidogo cha njano." Vidonge vyeupe ni vingi kama kokoto. Kimoja kinashusha presha, kingine kinashusha sukari, kingine kinafanya damu iwe nyepesi, na kila kimoja kinambadilishia daktari hatua inayofuata. Akiwa anatumia warfarini na haikusemwa, sindano ya kawaida ya msulini inaweza kumvujisha damu ndani kwa ndani. Faili linalosema hayo yote lipo, liko kabatini Muhimbili.

Kwa hiyo kila mzee awe na karatasi moja, nusu ukurasa inatosha, mwandiko mkubwa. Mstari wa kwanza kabisa uwe wa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama zipo: warfarini, klopidogreli, aspirini. Wa pili, dawa zinazomdhuru. Wengi hapa mna mzio wa salfa na mnausema baada ya kudungwa. Kisha dawa za kila siku, jina, miligramu, mara ngapi, nakala ya maandishi ya kwenye pakiti na si rangi ya kidonge. Halafu maradhi na mwaka yalipogunduliwa, operesheni alizofanyiwa, kipimo cha mwisho cha kreatinini cha figo pamoja na tarehe yake, presha yake ya kawaida akiwa mzima, na simu za watu wawili wanaopokea usiku. Nyuma ya karatasi, namba ya NIDA na ya bima. Nakala moja ikae kwenye pochi, moja ibandikwe mlangoni mwa friji, na picha yake iwe kwenye simu ya mtoto ambaye hayuko Tanga. Huyo wa mbali ndiye hupatikana wakati wa nyumbani wamechanganyikiwa.

Kuna karatasi nyingine inayopuuzwa: ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ile ya waridi yenye vijimraba. Aliyewahi kupata shambulio la moyo anaweza kubaki na alama yake kwenye kipimo maisha yake yote. Daktari asiyeiona ECG ya zamani atahangaika kujua kama alama hiyo ni ya leo au ya miaka mitano nyuma, na tiba yake si moja. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo aghalabu haichapwi kwa wino, huchapwa kwa joto. Iache kwenye dashibodi ya gari msimu wa kaskazi, utakuta mistari imefifia, umebaki na vijimraba. Itoeni fotokopi wiki ile ile mliyopimwa.

Sasa mgonjwa mwenyewe, na nitakaa sana kwenye kiharusi kwa sababu ndicho kinachoharibiwa zaidi njiani.

Dalili mnazijua: mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno yanakokotwa. Jambo la kwanza kuandika ni saa. Na saa inayotakiwa ni ya mara ya mwisho kuonekana mzima, siyo ya kugunduliwa. Mzee kalala saa nne usiku anaongea vizuri, kaamka saa kumi na moja alfajiri kapooza. Kwa hesabu za hospitali zimeshapita saa saba. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na ni baada ya picha ya CT-Scan kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Dawa hiyo haipo kila hospitali. Hata pasipokuwa nayo, saa ile inaamua mengi, na hakuna kipimo kitakachoipata ikiwa nyumbani hamkuiangalia.

La pili, sukari. Sukari ikishuka sana mtu hulegea upande mmoja na kuropoka, ukaapa ni kiharusi. Tone moja la damu kwenye kidole linamaliza ubishi. Ikisoma chini ya 4 (mmol/L) na mgonjwa anameza vizuri, vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mpime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu. Hapo nina neno na mabinti wenye huruma: uji anaonyweshwa aliyepooza koo unakwenda mapafuni, na siku ya tatu nimonia hiyo. Mlazeni ubavu, kichwa kimeinuka kidogo.

La tatu, msishushe presha nyumbani. Kuna mazoea ya kutoboa nifedipini na kuiminya chini ya ulimi ukiona 190. Presha hiyo ndiyo inayosukuma damu kwenye sehemu ya ubongo iliyobanwa. Ukiiangusha ghafla, sehemu iliyokuwa inapigania uhai inakufa. Hospitali yenyewe, kwa kiharusi cha kuziba kisichopewa dawa ya kuyeyusha, kwa kawaida haiigusi mpaka ipite 220 kwa 120. Aspirini nayo ingojee picha.

Kisha njia. Mfumo wetu una zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Bombo ya mkoa, na juu yake KCMC ya Moshi au Muhimbili, pamoja na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na MOI ya mifupa. Kwa presha ya kawaida na dawa za mwezi, Makorora, Ngamiani na Pongwe panatosha, na foleni ya Bombo itapungua. Kwa kiharusi ni kinyume, kila kituo cha njiani ni dakika zimeliwa. Kigombe kwenye karatasi ni Muheza, lakini mgonjwa wa kiharusi wa Kigombe hazungushwi Muheza ili kuheshimu mipaka ya wilaya. Barabara yake inakwenda Tanga mjini. Wa Pangani apitie hospitali ya wilaya kwa mambo matatu tu: sukari ipimwe, kanula, ile sindano ya kupitishia dawa mshipani, iwekwe, simu ipigwe Bombo kuuliza kama CT-Scan inafanya kazi siku hiyo. Kisha kilomita 50 hivi zianze. Wa Bweni na Ushongo wana mto katikati. Kama usiku huo mnategemea kivuko, simu ya kwanza ni ya kivukoni, kabla hata hamjamwinua mgonjwa kitandani.

Gari la wagonjwa likija, angalieni mshale wa mtungi wa oksijeni. Msione haya. Mtungi wa aina ya E ukijaa una lita 680 hivi. Barakoa yenye mfuko inakula lita 10 hadi 15 kwa dakika. Kwa lita 10 mnazo dakika 68, kwa 15 ni 45. Ukiwa nusu, mkikokotoa kwa lita 10, ni dakika 34, na Pangani hadi Bombo hamfiki. Uombwe mtungi wa pili kabla ya kuondoka. Jambo jingine linachanganya watu: namba 115 ya m-mama ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mzee wa kiharusi hana nafasi humo. Namba yenu ni ya simu ya hospitali iliyo jirani, nendeni mkaichukue mchana, muijaribu kama inapokelewa.

Kuhusu kukimbizwa Dar. Familia nyingi zikiona mgonjwa mahututi zinataka aende Muhimbili usiku huo huo. Ni kilomita 350 hivi, saa sita na zaidi ndani ya gari lenye nesi mmoja. Mgonjwa ambaye presha inaanguka au kupumua kunayumba hutulizwa kwanza pale alipo, halafu ndipo husafiri. Mkikubaliwa rufaa, ulizeni jina la anayempokea upande wa pili. Fomu ya rufaa ikiandikwa "kwa uchunguzi zaidi" tu, bila dawa alizopewa na saa alizopewa, kule wanaanza upya, na dozi nyingine hurudiwa.

Nyonga. Mzee kateleza bafuni, mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje: hiyo imevunjika, haina haja ya mtaalamu wa kukanda. Wekeni mto katikati ya miguu, mfunge miguu yote miwili pamoja kwa kanga mbili, moja juu ya magoti na moja chini yake, abebwe kwenye mlango au godoro gumu. Operesheni inapendekezwa ndani ya saa 48. Mwenye nyonga iliyovunjika akilala wiki tatu nyumbani anakandwa mafuta, kinachomuua huwa ni damu kuganda miguuni, nimonia au vidonda vya mgongo.

Na hapo hapo niwaambie kuhusu magoti. Dikilofenaki mnayonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti inapandisha presha na kuchosha figo, hasa kwa anayemeza losatani ya presha pamoja na dawa ya kukojoa maji. Msimu wa joto, mkitoka jasho na maji hamnywi, mchanganyiko huo ndio unaojaza wodi. Paracetamol kwanza.

Wenye nyumba za wageni sasa. Vituo huagiza dawa kwa kuangalia matumizi ya miezi iliyopita. Desemba mji ukijaa, wageni walioacha dawa zao Dar wanachukua za wenyeji, na mwenyeji akija Januari anaambiwa zimeisha. Mnapothibitisha nafasi, mwandikieni mgeni sentensi moja: aje na dawa za siku zote za kukaa na za wiki moja juu yake. Mgeni kutoka Lushoto au Arusha akipata homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, kinga yake si ya mtu aliyekulia Pongwe. Akipewa dawa ya malaria ya ALu na ana kilo 35 au zaidi, ni vidonge vinne mara mbili kwa siku tatu, jumla 24, dozi ya pili zikipita saa nane tangu ya kwanza na si kesho yake, na ale kitu chenye mafuta. Aliyechomwa na samaki taa ufukweni, mguu uingizwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, nyuzi 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenye nyumba ayapime kwa mkono wake kwanza, maana mguu wenye maumivu hausikii kuungua. Mwiba uliozama msiung'oe, utolewe hospitali.

Maswali yaliyoulizwa ni mengi, najibu mawili.

Mzee aliyeuliza kama kila mwenye miaka 60 anatibiwa bure: hapana. Dirisha la wazee ni la kila mzee, asipange foleni. Msamaha wa malipo ni wa wazee wasiojiweza waliotambuliwa, na utambuzi unaanzia serikali ya mtaa au kijiji. Aliyestaafu na bima aende akahakiki kama kadi bado iko hai na kama mwenza wake yumo, aende akiwa mzima.

Mama aliyeuliza kuhusu insulini na umeme unaokatika: ambayo haijafunguliwa ikae friji nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu, ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa, nyingi hudumu siku 28 nje ya friji joto lisipozidi nyuzi 30. Someni karatasi ya ndani ya boksi. Kuiweka juu ya mchanga wenye maji ndani ya mtungi wa udongo kunasaidia, ila mtungi hupoza kwa maji kukauka, na hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, hautapoza kama wa Dodoma. Uwekeni penye kivuli na upepo unapita, chupa iwe ndani ya mfuko usioingiza maji, na kipimajoto cha bei ndogo kitumbukizwe humo humo. Kikisoma 32 mchana wa Februari, hamishieni chupa kwa jirani mwenye sola, na mwandikeni jina lake kwenye ile karatasi ya friji.