Mwindaji na Mtazamaji: Mume na Mke Kwenye Kambi ya Uwindaji

Shikamooni wakubwa zangu. Na wadogo, marahaba, nawapokelea kabla hamjaniamkia ili tusipoteze muda.

Nimeombwa nizungumze juu ya wanandoa na uwindaji wa starehe: mke anashiriki kiasi gani katika hobi ya mumewe, au mume katika hobi ya mkewe, maana wapo. Nimeona wengine wakicheka pale mlangoni waliposoma kichwa cha habari. Cheka tu, lakini fikiria kazi yangu ilikuwaje. Nilikuwa askari wa wanyamapori. Kwa sheria yetu ya Tanzania mgeni hawindi peke yake. Anakuwa na mwindaji bingwa, yaani mwindaji wa kitaalamu anayemwongoza, na anakuwa na askari kama mimi wa kuhakikisha kinachouawa ndicho kilichoandikwa. Enzi zangu safari ya simba ilikuwa siku 21. Sasa kaa siku 21 nyuma ya watu wawili waliooana, kwenye Land Cruiser isiyo na mlango, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Utayajua yasiyokuhusu.

Kwenye karatasi zetu watu hao ni wa aina mbili tu. Yupo mwindaji, ambaye kibali kina jina lake. Na yupo mtazamaji. Mtazamaji analala hema lile lile, anakula chakula kile kile, analipiwa kila siku anayokaa kitaluni, yaani kwenye eneo la kuwindia, ila hana ruhusa ya kufyatua hata risasi moja. Miaka yangu mingi kitaluni, mtazamaji alikuwa mke. Waume watazamaji niliwaona wachache, nao walikuwa na taabu kweli kweli. Hawakujua mikono yao waiweke wapi.

Nianze na kisa kimoja. Tulikuwa tunatafuta nyama ya kambi, swala pala tu, wala si nyara ya mgeni kwenda nayo kwao. Mume, Mmarekani, mtu mwenye furaha, akashuka, akaweka bunduki kwenye ile miti mitatu ya kuegemezea, kisha akageuka akampungia mkewe mkono: njoo, mpige wewe. Yule mama akashuka. Alishika bunduki kama mtu anayejua, nami naweza kumtambua mtu asiyejua. Ikabidi niseme. Nikamwambia mwindaji bingwa, "Mama hana kibali." Akatafsiri. Yule mama akairudisha bunduki taratibu, akamwambia mumewe maneno kama matano hivi kwa sauti ya chini, akapanda gari. Siku tatu hakushuka tena, hata kuangalia tembo. Baadaye mwindaji bingwa ndiye aliyenieleza. Kumbe kule kwao, kabla ya safari, aliomba aandikiwe kibali chake mwenyewe. Mume akamwambia ni gharama ya bure, damu hataiweza. Halafu amefika porini, anamkaribisha kwenye kitu alichomnyima nyumbani, tena mbele ya watu.

Mimi nililala nikijilaumu, lakini sikuwa na la kufanya. Ningenyamaza, kazi ingeniishia pale pale.

Sasa msije mkadhani kila mtazamaji ana kinyongo. Jioni moja tulikuwa kwenye kibanda cha kuvizia chui. Kwa wasiojua: unatundika chambo juu ya mti, tuseme paja la pundamilia, kisha mita 60 hivi kutoka hapo unajenga kibanda cha nyasi na matawi, mnaingia humo na jua likiwa bado juu, mnakaa. Hamkohoi. Hamjikuni. Mbung'o akikuuma unamwachia ashibe. Mume alikuwa ameweka jicho kwenye bunduki, mwindaji bingwa kando yake, mke ana darubini kwenye tundu lake dogo upande wa pili, mimi nimebanwa nyuma yao kama gunia. Chui akaja giza linaanza kuingia, bila sauti, kama ilivyo kawaida yao: hayupo, hayupo, yupo. Mume akavuta pumzi. Mwindaji bingwa alikuwa bado anasita, upande wake tawi lilimziba. Yule mama akanyoosha mkono bila kutoa jicho kwenye darubini, akamwekea mumewe kiganja juu ya bega. Basi, kiganja tu. Mume akaondoa kidole.

Alikuwa jike. Mama aliona chuchu. Kwetu chui jike hapigwi, ni kosa la kisheria. Angepigwa, safari ingeishia hapo, na mimi ndiye ningeandika ripoti. Nikarudi kambini nikajaza karatasi yangu: mwindaji fulani, mtazamaji fulani, hakuna mnyama aliyeuawa. Nikabaki nimeishika kalamu. Hivi kweli jioni ile nani aliwinda?

Swali hilo lilinifanya nianze kusoma habari za waliotutangulia. Nchi zetu hizi zimepokea wawindaji wa starehe zaidi ya miaka mia, mpaka neno letu la safari limeingia kwenye lugha zao. Kenya wamefunga uwindaji huo tangu 1977. Sisi tuliufunga 1973, tukaufungua tena 1978. Katika habari zote za hao wageni, wa kwangu mimi ni Delia Akeley.

Mumewe, Carl Akeley, alikuwa fundi wa kukausha wanyama kwa ajili ya makumbusho, na katika kazi hiyo hajatokea wa kumfikia. Walioana 1902. Mwaka 1905 wakaja Kenya kwa kazi ya makumbusho ya Field ya Chicago, wakakaa mpaka mwaka uliofuata, wakarudi na tembo. Ukienda Chicago leo, katikati ya ukumbi mkubwa utawakuta tembo wawili wamekabiliana, mkonga umeinuka, kama wanataka kupigana. Mikono iliyowasimamisha ni ya Carl. Lakini mmoja wa wale tembo aliangushwa na Delia. Watu wanapita hapo kila siku, wanapiga picha, wanaenda kutafuta kahawa.

Halafu ikaja 1910, mlima Kenya. Carl yuko juu msituni na wapagazi, Delia yuko kambini chini. Tembo akamtokea Carl ghafla, bunduki ikakataa. Akamjia na pembe zote mbili. Carl akazidaka, moja kila mkono, akajiachia katikati yake huku tembo akimkandamiza chini. Pembe zikagonga kitu kigumu ardhini, jiwe au mzizi, zikakataa kuzama zaidi. Ndiyo salama yake. Mbavu zikavunjika, uso ukachanika. Wapagazi wakaamini amekufa, wakasogea mbali na mwili. Msiwacheke. Nimeona mtu aliyekanyagwa na tembo, hata wewe ungeamini.

Habari ikamfikia Delia. Hakungoja kupambazuke. Alikusanya watu usiku ule ule, wengine akawatoa walikojificha, wakaingia msituni kwenye baridi na mvua, kwenye njia za tembo, maana njia nyingine hakuna. Akamfikia yu hai, akamtoa, akamuuguza.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu, mkitaka kujua watu wawili wanashirikiana kiasi gani porini, acheni kuhesabu risasi. Uliza: mmoja akiangushwa, nani atapanda mlima usiku?

Sasa sikilizeni ilivyokwisha. Ndoa ikaharibika, wakaachana 1923. Mwaka uliofuata Carl akaoa mwingine, Mary Jobe. Mwaka 1926 akafia kwenye miteremko ya mlima Mikeno, Kongo, wakati wa safari ya kuandaa onyesho la masokwe wakubwa, gorila, ndani ya hifadhi ambayo yeye mwenyewe alimshawishi mfalme wa Ubelgiji aianzishe mwaka mmoja kabla. Leo tunaiita Virunga. Akazikwa hapo hapo. Mary Jobe, mjane porini, hakufunga mizigo. Alibaki akakamilisha kazi. Ukumbi mkubwa wa wanyama wa Afrika kwenye makumbusho ya New York ulifunguliwa 1936, una jina Akeley. Wake wawili, mmoja alimtoa mumewe kwenye mdomo wa kifo, mwingine alimaliza kazi mume akiwa kaburini, na ukumbi una jina la mtu mmoja. Wenyewe watasema jina ni la ukoo, linawagusa wote watatu. Haya.

Delia naye hakukaa kitako. Mwaka 1924, mwanamke wa makamo, akapewa kazi na makumbusho ya Brooklyn, akarudi huku peke yake. Akapanda mto Tana kwa mtumbwi, baadaye akavuka mpaka Kongo, akakaa na Wambuti wa msitu wa Ituri. Hakuwa mtazamaji wa mtu.

Wa pili nitampitia haraka, maana wengi mnamjua mumewe: Pauline, mke wa Ernest Hemingway, yule mwandishi wa Marekani. Wale walikuja mwishoni mwa 1933, wakawinda mpaka mapema 1934. Gharama alilipa baba mdogo wa Pauline. Kwa hiyo mwenye safari ni nani hapo? Pauline akampiga risasi simba, na Hemingway naye akapiga, na iliyomwangusha simba ni ya Hemingway. Mwenyewe aliandika hivyo. Lakini kambini wapagazi na wapishi walimbeba mama juu kwa juu, wakamzungusha moto wakimwimbia, kama mwuaji wa simba. Wasomi wazungu huona pale watumishi wamedanganywa, au wamejipendekeza. Mimi sioni hivyo. Nimekaa kambi. Wale watu waliona miguu iliyotembea, waliona nani alisimama mita chache na simba bila kukimbia, wakaamua simba ni wa mama. Waliandika karatasi yao.

Na kuna Osa Johnson wa Kansas, aliyekaa na mumewe Martin kwenye ziwa la Marsabit walilolibatiza Paradise, kuanzia 1924. Martin alikuwa mtu wa kamera. Mnyama akija mbio, Martin anaendelea kuzungusha mkono wa kamera, na Osa amesimama kando yake na bunduki, anangoja. Akipiga mapema picha imeharibika, akichelewa mume hana. Fikiria mnaishi hivyo miaka! Halafu jioni Osa huyo huyo ndiye anayesimamia bustani na jiko. Wanaume wa ukumbi huu mliochoka jioni, mmesikia.

Mtaniambia hayo ni mambo ya wazungu na pesa zao. Kwetu watu waliwinda wapate nyama na pembe, na mke alibaki nyumbani. Alibaki, ndiyo, lakini alibakije? Kwa Wagogo, walioandika mila zao enzi za Mjerumani walikuta hivi: mwindaji akikosa, au akijeruhiwa na simba, husemwa mkewe amefanya uovu huko nyuma. Akiwa amekaa, mtu asipite nyuma yake. Kitandani alale kifudifudi. Na wawindaji wa tembo wa Afrika Mashariki, imeandikwa, waliamini mke akitoka nje ya ndoa, tembo anapata nguvu juu ya mumewe.

Mimi mila hiyo inanikera na inanivutia kwa pamoja. Inanikera kwa sababu mwanamke yuko maili 30 na mshale, halafu mshale ukikosa kosa ni lake, na ukipata sifa si yake. Lakini angalau wazee wale walijua jambo ambalo fomu yangu haikulijua: kwamba kuwinda hakuanzii kwenye kidole.

Nimalizie na yangu, kwa sababu mama watoto wangu yupo hapa, na ameniangalia kwa namna fulani tangu nilipotaja bustani na jiko. Yeye hajawahi kukanyaga kitalu. Siku zote aliniambia, "Wewe unaenda kazini na watu walio starehe, ukirudi unanuka moshi kama wao." Ni kweli.

Kuna kitu mfuatiliaji nyayo hakosi kuwa nacho, na mimi nilibeba changu pia. Ni mfuko mdogo wa majivu. Unautikisa kidogo, vumbi linatoka, unaona upepo unakwenda wapi. Upepo ukienda kwa mnyama, mmekwisha, rudini mzunguke. Bila mfuko ule hakuna mzungu aliyewahi kumkaribia nyati, hata angelipia nini. Wenzangu walitumia soksi kuukuu na majivu ya moto wa kambi, mazito, yana makaa, yanaanguka chini badala ya kupeperuka. Wangu ulikuwa mzuri. Nilisifiwa kwa ajili yake, na niliitikia sifa.

Nilidhani ni kitambaa. Nimestaafu, ndipo siku moja namkuta mama watoto jikoni anachekecha majivu kwa chujio la chai, kwa mazoea tu, wakati mimi siendi tena popote. Nikamuuliza. Akasema majivu ya mkaa hayafai, ya mwembe ni mabichi, aliyoyajaribu akaona yanapepea ni ya magunzi ya mahindi, tena yachekechwe mara mbili. "Tangu lini?" Akasema tangu ile safari niliyorudi nikimlalamikia upepo wa pori la Rungwa.

Mfuko wenyewe ni huu hapa, wa kipande cha kanga yake. Upitisheni wote muuone. Ila wewe kijana mwenye shati jeupe, usiutikise.