Eric Campbell, pandikizi la mtu aliyempa Chaplin wa kumkimbia

Jamani karibuni, kabla hatujaanza kutazama filamu, leo Charlie Chaplin mwenyewe simuongelei sana, huyo hata watoto wanamjua, leo namuongelea yule anayemkimbiza. Lile jitu lenye midevu na nyusi zilizopinda juu. Anaitwa Eric Campbell na mimi nashikilia kabisa kwamba bila yeye zile filamu za Chaplin za 1916 na 1917 zisingefika hata nusu ya utamu wake.

Campbell alikuwa Muingereza, ameivia kwenye kundi la vichekesho vya jukwaani la Fred Karno, kundi lilelile alilopitia Chaplin. Sasa 1916 Chaplin anasaini na kampuni ya filamu ya Mutual, dola 10,000 kwa wiki na bonasi ya dola 150,000 juu, hela ya kutisha kwa wakati ule, alafu akamkuta Campbell yupo New York anaigiza jukwaani, akambeba. Mutual walitoa filamu 12 za Chaplin na Campbell yumo kwenye 11. Aliyoikosa ni One A.M., ile ambayo Chaplin yuko karibu peke yake mwanzo mwisho.

Twende Easy Street, ya Januari 1917. Chaplin ni polisi mgeni mtaani na Campbell ndo mbabe wa mtaa. Chaplin anampiga rungu la kichwa, jamaa hata hatikisiki, anamwangalia tu, anainamisha kichwa kabisa kama anamwambia haya piga tena. Alafu ili amuonyeshe nguvu anaikamata nguzo ya taa ya gesi anaikunja mpaka chini, na hapo hapo Chaplin anamrukia mgongoni, anamchomeka kichwa ndani ya ile taa, anafungulia gesi, anamshika mkono kupima mapigo kama daktari, anamwongezea kidogo! Watu wanamsifia Chaplin kwa akili hiyo na ni haki yake, lakini mtazameni Campbell, hachekeshi kwa makusudi hata sekunde moja, hasira yake ni ya kweli, na sinema ile haina sauti kwahiyo mwili wake peke yake ndo unakwambia huyu mdogo yuko hatarini. Ukimweka pale mtu wa wastani, au mtu anayetafuta kucheka na wewe, ile gesi haina maana tena.

Kwenye The Immigrant, filamu nyingine ya 1917, Campbell ni weita, mteja amepungukiwa senti 10 tu anapigwa na maweita wote, Chaplin anaona yote hayo na yeye hela yake imedondoka kupitia tobo la mfuko. Sarafu ikipatikana Campbell anaing'ata, inapinda, feki. Uso wake hapo ni kazi ya mtu aliyesomea jukwaa miaka mingi.

Kinachoniuma ni jinsi yalivyoisha. Julai 1917 mkewe akafariki ghafla, akaoa tena haraka sana na ndoa ikavunjika ndani ya miezi, na tarehe 20 Desemba mwaka huohuo akafa kwenye ajali ya gari Los Angeles, ana miaka 37. Majivu yake yalikaa bila kuzikwa mpaka 1952, mtu aliyechekesha dunia nzima, hakuna aliyekuja kuyachukua!

Basi naomba tuzime taa tuanze na Easy Street, na safari hii macho yote kwa Campbell.