Daraja Limebebwa na Maji? Kuchunguza Picha Kabla ya Kutangaza

ATIENO: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena katika kipindi chetu cha wanahabari wa mashinani, tunachokirekodia hapa Kisumu. Mimi ni Atieno, na mwenzangu Wafula amefika kutoka Bungoma akiwa amelowa chapachapa.

WAFULA: Nimelowa kweli, dada. Na mvua ikianza tu, simu yangu hujaa video za mafuriko.

ATIENO: Nyingine za miaka iliyopita.

WAFULA: Nyingine si za Kenya kabisa! Kuna jambo linaniuma hadi leo. Nikiwa bado mchanga katika kazi hii, kituo nilichokifanyia kazi kilitangaza kwamba daraja fulani limebebwa na maji. Picha niliileta mimi. Niliitoa kwenye kikundi cha WhatsApp, nikampa mhariri, tukaenda hewani. Haikupita robo saa, mama mmoja akapiga simu analia: mwanawe alikuwa kwenye matatu, njia hiyo hiyo. Daraja lilikuwa zima. Ile picha ilikuwa ya nchi nyingine, tena ya zamani.

ATIENO: Pole sana, ndugu yangu. Ingekujia leo ungeanzia wapi?

WAFULA: Kwa aliyeipiga. Aliyenitumia nitamuuliza, "Umepiga wewe?" Akisema ametumiwa, nauliza na nani, narudi nyuma mtu kwa mtu. Nikimpata mwenyewe, namwomba anitumie tena kama faili, si kama picha ya kawaida. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kufuta taarifa zilizomo ndani yake: saa iliyopigwa, aina ya simu, wakati mwingine hata mahali. Ikitumwa kama faili, taarifa hizo hubaki.

ATIENO: Na mwenyewe asipopatikana?

WAFULA: Basi naitafuta mtandaoni kwa picha yenyewe, nione kama iliwahi kuwekwa mahali: naipitisha Google Lens, halafu TinEye, kwa sababu TinEye inaweza kunipangia matokeo kuanzia la zamani zaidi. Kama ni video, naisimamisha hapa na pale, napiga picha za skrini, natafuta moja moja. Lakini usiipate popote ukadhani umemaliza! Picha iliyoundwa na akili unde jana usiku haina historia. Kutoipata hakuifanyi kuwa ya kweli.

ATIENO: Hapo niongeze kivuli. Mtu asiyeijua Kano, tambarare yetu hapa Kisumu, hudhani mafuriko lazima yaje na mawingu. Sivyo. Mvua inanyesha kule juu, Nandi na Kericho, Mto Nyando unayateremsha maji, na Ahero watu wanahamisha magodoro jua likiwaka. Kwa hiyo kwenye picha zetu kivuli mara nyingi kipo.

WAFULA: Kinakwambia nini?

ATIENO: Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa Mei, jua likifika kilele chake, kama saa sita na nusu mchana hapa Kisumu, huwa limeegemea kaskazini. Kivuli kinaanguka kusini. Desemba ni kinyume chake. Sasa mtu akikuletea video na kusema ni ya Mei, saa hiyo, na kivuli kinaelekea kaskazini, kuna kitu amekosea: mahali, saa au mwezi.

WAFULA: Lakini kaskazini utaijuaje?

ATIENO: Kwa Google Earth, ramani ya picha za setilaiti. Tafuta kile kisichohama: mnara wa msikiti, kona ya mto, paa la shule. Ukishapalinganisha mahali, unajua mpigaji alikuwa ameelekea wapi. Na fungua sauti! Sikiliza watu wanapiga mayowe kwa lugha gani. Hiyo haihitaji hata bando.

WAFULA: Halafu mpigie mzee wa nyumba kumi wa pale. Akishakuambia amesimama darajani, muulize anaona nini kushoto kwake.

ATIENO: Tukishathibitisha kwamba maji yamefika, wengi wetu tunahesabu nyumba zilizozama na kurudi mjini. Mimi nataka kujua matuta ya kuzuia mto yalitengewa pesa ngapi, na nani alilipwa.

WAFULA: Ofisi zitakwambia njoo kesho.

ATIENO: Ndiyo maana siendi kuuliza kwa mdomo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Inapohusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.

WAFULA: Na barua iandikwe Kiingereza?

ATIENO: Kiingereza au Kiswahili, sheria imesema hivyo. Tena hulazimiki kueleza unaitakia nini. Wasikilizaji, hata wewe unayelima mpunga Ahero, si mwandishi wa habari, unaweza kuiandika. Hakikisha tu nakala yako imegongwa muhuri wa siku waliyoipokea, maana hapo ndipo unapoanzia kuhesabu.

WAFULA: Ya kwako uliipeleka?

ATIENO: Niliipeleka. Nauliza mkataba wa matuta, kiasi kilicholipwa na ripoti ya ukaguzi wa kazi. Nakala yenye muhuri iko hapa mkobani.

WAFULA: Leo ni siku ya ngapi?

ATIENO: Ya 16.