Tiba kwa Vitendo Siyo Fiziotherapia: Nawajibu Mlionijazia Inboksi

Haya jamani, hamjambo? Karibuni tena. Leo sizunguki na kamera, nimekaa, maana inboksi imejaa swali lilelile: "Hiyo tiba kwa vitendo unayosomea si ndiyo fiziotherapia?" Hapana, ndugu zangu. Tiba kwa vitendo, yaani occupational therapy, ni kumsaidia mtu aweze kufanya shughuli zake za kila siku. Tunafanya kazi bega kwa bega, ila mtu wa fizio atahangaika na bega lenyewe likunjuke, lipate nguvu. Mimi nauliza: huyu kesho asubuhi atavaaje shati?

Na msilicheke hilo shati. Tunasoma uchambuzi wa shughuli, yaani kuivunja kazi moja hatua kwa hatua, na kwangu huo ndio moyo wa digrii nzima. Kufunga kifungo tu: macho yatafute tundu, vidole viwili vishike kifungo, gumba lisukume, mkono wa pili ukaze kitambaa. Hapo sijagusa kumbukumbu wala uvumilivu. Sasa mletee aliyepata kiharusi, upande mmoja umelegea. Unamfundisha auingize kwanza mkono dhaifu, na akivua, huohuo utoke mwisho. Legeza mkono wako mmoja ujaribu kinyume chake, utaona unavyonasa.

Darasani ni anatomia, fiziolojia, saikolojia, utafiti. Anatomia ya kiganja pekee inakunyima usingizi. Afya ya akili nayo imo, tena kwa uzito, na wengi wanaoanza hawaitegemei kabisa.

Kinachomeza muda ni fildi, yaani mafunzo ya kazini na wagonjwa halisi. Shirikisho la dunia la fani hii, WFOT, linataka angalau saa 1,000 kabla hujahitimu, na kwa kawaida saa hizo hazina mshahara. Wewe unayepanga kusoma huku unapiga kibarua cha usiku, piga hesabu mapema.

Sasa mnaotaka kuomba chuo, hapa msiruke. Kabla hujalipa ada, hakikisha kozi imeidhinishwa na WFOT. Wana orodha kwenye tovuti yao. Kisha angalia na nchi. Uingereza na Australia, shahada ya kwanza inatosha kuanzia kazi ukishasajiliwa. Marekani wanadai uzamili au zaidi. Na kuna mawakala watakuuzia digrii ya "sayansi ya afya" wakiapa ni kitu kimoja. Si kimoja! Utamaliza, uvae joho, upige picha, halafu bodi ya usajili ikurudishe darasani.

Wenye maswali ya vyuo, andikeni hapo chini na nchi mnayoilenga, maana bila hiyo siwezi kuwajibu.